Kuuza mtandaoni sio lazima uanike familia

Kuna watu hapa Dodoma wanaamini eti ukiuza zabibu Instagram bila kuposti sura za watoto na geti la kwako Nkuhungu, wateja watakuona tapeli. Sio kweli jamani. Mteja anataka aone mzigo, bei na pa kuchukulia, we mwambie mkutane Soko la Majengo basi, nyumbani kwako kunamhusu nini? Chukua laini nyingine ifungulie WhatsApp Business, ile ya zamani ibaki ya ndugu, maana ukiwa kwenye grupu kila memba anaiona namba yako. Malipo tumia lipa namba, linatokea jina la biashara. Halafu picha ukiituma kama dokyumenti inaweza kubeba lokesheni ulipoipigia, hili wengi wanalipuuza kweli.