Kupima ubongo wa mtoto mchanga kwa mwanga: maana yake nini?

Washa tochi ya simu gizani, kisha iziba kwa kidole. Kidole chote kinawaka wekundu. Mwanga umepenya nyama, lakini si wote: wa kijani na wa buluu umemezwa na damu, mwekundu ukapita. Kupima ubongo wa mtoto kwa mwanga kunaanzia hapo hapo.

Mwanga wenyewe haupo mbali na huo mwekundu, ila macho yetu hayauoni. Unaitwa infraredi ya karibu. Mwaka 1977 mwanasayansi Frans Jöbsis alionyesha kwamba unaweza kupita kwenye ngozi na fuvu ukafika kwenye ubongo, na ukitoka unatueleza hali ya oksijeni ya pale ulipopita. Siri ni himoglobini, ile inayoipa damu rangi yake. Yenye oksijeni humeza mwanga kwa namna moja, isiyo nayo kwa namna nyingine. Kifaa hutuma miale ya angalau aina mbili, hupima iliyorudi, na kutokana na tofauti hiyo hukokotoa mabadiliko ya oksijeni kwenye damu.

Na oksijeni inatuambia nini? Sehemu ya ubongo ikianza kazi, mishipa yake hutanuka na damu humiminika pale ndani ya sekunde chache, tena zaidi ya inavyohitajika. Kwa hiyo kinachoonekana kwenye skrini ni damu, si mawazo. Nasisitiza hili kwa sababu wazazi wengi wakisikia habari hizi hudhani mashine inasoma akili ya mtoto. Haisomi.

Mtoto hukaa mapajani kwa mama yake, amevalishwa kofia laini yenye vitoa mwanga na vipokezi, vikiwa vimepishana sentimita mbili au tatu. Mwanga huzama, hupinda kama ndizi, hutokea kwenye kipokezi cha jirani. Hakuna sindano wala mnururisho kama wa eksirei, wala mashine inayonguruma. Akichezesha miguu kidogo, kipimo kinaendelea. Hii ndiyo tofauti kubwa na MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, inayomtaka mtu atulie tuli, jambo gumu kwa mtoto aliye macho. Tena fuvu lake ni jembamba na nywele mara nyingi ni chache, hivyo mwanga hufika kwa urahisi kuliko kwa mtu mzima.

Matokeo yake yananigusa kweli. Mwaka 2003 timu ya mtafiti Marcela Peña ilitumia njia hii kwa watoto wa siku chache tu. Waliposikia maneno ya kawaida, upande wa kushoto wa ubongo uliitika zaidi kuliko waliposikia maneno yaleyale yakichezwa kinyumenyume. Huko kijiji cha Keneba, Gambia, watafiti wametumia kofia hizi kufuatilia watoto tangu wakiwa wachanga, sambamba na wenzao wa Cambridge, Uingereza, kuona ubongo unavyokua katika mazingira tofauti.

Mipaka ipo. Mwanga haufiki kwenye sehemu za ndani kabisa. Unaishia kwenye gamba la nje la ubongo. Nywele nyingi nyeusi huumeza, na mtikiso mkali wa kichwa huharibu vipimo. Tena mengi tuliyojifunza ni wastani wa makundi ya watoto, kwa hiyo mchoro wa mtoto mmoja pekee hauwezi kumwambia mama kama mwanawe atachelewa kuzungumza.