Kisu kimepita eksirei, haina maana mkaguzi alilala

Juzi tena, kijiwe cha kahawa Shangani hapa Mtwara, mzee mmoja ananiambia, "Mwanangu, kisu kikipita uwanja wa ndege ujue mkaguzi kalala au kala hela, afukuzwe tu." Mimi ni mkaguzi, nimekaa miaka mbele ya ile skrini ya eksirei ya mabegi, na hii kauli nimeisikia mpaka basi.

Mashine inapaka rangi tu, anayeamua ni mtu. Vyakula, nguo, plastiki vinatoka rangi ya chungwa, chuma bluu, mchanganyiko kijani. Sasa begi la kwetu lina korosho kilo tano zimeshindiliwa, chungwa tupu, chini ming'oko, pembeni kibao cha mbuzi, na kisu kikisimama kwa ukingo unaona mstari mwembamba kama fremu ya begi, na nyuma abiria wanapiga kelele ndege inawaacha.

Lakini hata hilo sio kubwa. Kubwa ni kwamba jicho likitafuta kitu ambacho karibu kila siku hakipo, linazoea kutokiona, na hapo hujasinzia wala nini. Mwaka 2005 mtafiti Jeremy Wolfe na wenzake kule Marekani walipima: kitu kinachotafutwa kikiwepo kwenye nusu ya picha, watu walikikosa kama mara 7 kwa 100, kikiwepo kwenye picha 1 tu kwa 100 wakakikosa kama mara 30. Thelathini! Na mkaguzi silaha ya kweli anaweza asiione mwaka mzima.

Ndo maana tunapokezana skrini kila dakika 20 hivi, ndo maana kuna TIP, mashine inachomeka picha ya silaha kwenye begi la abiria ili jicho lisilale. Hapo nina mashaka yangu, maana ukikaa sana unazijua zile picha kwa sura, unakuwa hodari wa kukamata picha.

Mwaka 2015 ilitangazwa Marekani kwamba wapimaji wa siri walipitisha silaha na mabomu bandia mbele ya wakaguzi wa viwanja vya ndege mara 67 kati ya 70. Wakaguzi wote wale walilala? Kaimu mkuu wao akahamishwa, watu wakaridhika.

Mi mwenyewe nimewahi kupitisha kisu, uwanja siutaji. Abiria kakikuta kwenye begi, karudi kukisalimisha, nikaandika ripoti kila kitu, kisu kililala wapi, kilifunikwa na nini. Nikasimamishwa wiki mbili, na ripoti hakuna aliyeiuliza tena. Mwezi uliofuata mwenzangu kapitisha mkasi mrefu, akaninong'oneza tukiwa wawili chooni, hakuandika popote, na mimi sikumlaumu. Kwa hiyo ule mkasi ulikaa pembe gani, ulijificha nyuma ya nini, hakuna mkaguzi mwingine aliyefundishwa, na begi la namna ile linapita kwenye mkanda kila siku.