Leiauti: karatasi yenye madirisha ya kuitazama modeli

Leiauti ni ukurasa ndani ya programu ya kuchorea, kama vile AutoCAD, unaosimama badala ya karatasi itakayotoka kwenye printa. Ukichagua A3 unapewa milimita 420 kwa 297, kamili. Modeli yenyewe, yaani mchoro wa jengo, haihamii humo. Inabaki kwenye uwanja wake na ukubwa wake wa kweli: ukuta wa mita 12 umechorwa mita 12. Kwenye leiauti unatoboa madirisha tu, na kila dirisha linaitazama modeli ileile kwa upande wake na kwa skeli yake, yaani kiwango cha kupunguza: 1:100 maana yake mm 1 ya karatasi ni mm 100 za jengo.

Kwa hiyo skeli ni mali ya dirisha, si ya modeli. Anayeipunguza modeli mara 100 ili ienee kwenye karatasi ameharibu vipimo vyote, na kila namba atakayoiandika baadaye itakuwa ya uongo.

Tuchukue ghala la korosho la Masasi lenye mita 40 kwa 20. Kwa 1:100 urefu wake kwenye karatasi ni mm 400. A3 ukiitoa pambizo la mm 10 kila upande inabakiwa na mm 400 zilezile, kwa hiyo vipimo na kisanduku cha maelezo havina pa kukaa. Kwa 1:200 plani, yaani jengo likitazamwa kutoka juu, inakuwa mm 200 kwa 100, na hapo mwonekano wa mbele, wa ubavuni na mkato (jengo kama limekatwa kuonyesha ndani) vyote vinapata nafasi kwenye karatasi moja. Hesabu hii ifanywe kabla ya kuchora dirisha la kwanza.

Dirisha linachorwa kwa amri ya MVIEW. Ukibofya mara mbili ndani yake unaingia kwenye modeli. Ukibofya mara mbili nje unarudi kwenye karatasi. Mpangilio wa kazi ni mmoja: kwanza upande wa kutazamia (juu, mbele, ubavuni), kisha skeli, mwisho funga kufuli la dirisha. Ukianza na skeli, ile hatua ya kuchagua upande itaivuta modeli ijae dirisha zima na skeli itapotea. Ukisahau kufuli, gurudumu la kipanya likizungushwa kidogo tu ndani ya dirisha, 1:200 inageuka 1:187 na hakuna atakayegundua mpaka fundi aweke rula ya skeli juu ya karatasi.

Angalia pia yuniti. Leiauti inahesabu milimita. Kama modeli imechorwa kwa milimita, skeli ya 1:100 ni 1:100. Kama imechorwa kwa mita, yuniti moja inatakiwa itokee mm 10 kwenye karatasi, kwa hiyo ndani ya dirisha unaandika amri ya ZOOM kisha 10XP, yaani yuniti moja ya modeli iwe mm 10 za karatasi. Anayechagua 1:100 kwenye orodha kwa modeli ya mita anaona nukta katikati ya dirisha na kudhani modeli imefutika.

Kwa modeli ya 3D kuna jambo jingine, mistari ya nyuma. Ukichapa bila kuigusa, kenchi, nguzo na ukuta wa nyuma vyote vinatokea mbele, na mwonekano hausomeki. Tiba iko kwenye sifa za dirisha, sehemu ya Shade plot: chagua Hidden, kwa kila dirisha peke yake. Kile kisanduku cha kuficha kilichoko kwenye ukurasa wa kuchapa kinahusu vitu vilivyochorwa juu ya karatasi, madirisha hakiyagusi. Fremu za madirisha ziweke kwenye leya (tabaka la mchoro) yake isiyochapwa.

Picha ya pembeni, ile ya isometriki inayoonyesha pande tatu kwa pamoja, inapendeza na mwenye jengo huielewa haraka kuliko plani. Lakini usiandike skeli chini yake. Kwenye mwonekano huo kila ukingo mkuu unafupika hadi kama asilimia 82 ya urefu wake, kwa hiyo mita moja kwa 1:100 inatokea mm 8.2 badala ya 10. Andika "bila skeli", na vipimo viweke kwenye plani, mionekano na mkato.

Kuchapa leiauti ni 1:1 siku zote. Skeli imeshakaa kwenye dirisha. Hatari kubwa iko kwenye duka la steshenari, Mtwara mjini au Lindi, PDF yako inapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine yenye mpangilio wa kubana ukurasa utoshee. A3 ikitolewa kwenye A4, 1:100 inakuwa takribani 1:141. Chora pembeni mwa leiauti mstari wa mm 100 na uupime kwa rula kabla hujalipia nakala zilizobaki. Ukisoma 97 au 71, mwombe muhudumu achague ukubwa halisi kwenye karatasi ya A3, achape upya.