Dera la alfajiri na taa za basi la shule

Fremu yangu ipo Tabata, hatua chache tu kutoka pale basi la shule linapobebea watoto, na kwa vile kazi za sendofu hazijuagi usiku wala mchana, mara nyingi saa 11 na robo alfajiri mimi nishafungua mlango nusu niko kwenye cherehani namalizia mikono ya gauni la mtu. Mwaka wa 14 huu nashona. Kwahiyo nguo wanazovaa wazazi kusindikizia watoto nimeziona zote, na wala sijaenda kuchungulia, zenyewe zinakuja zinasimama mbele ya fremu.

Nyingi ni dera. Yani ukihesabu wamama kumi pale kona, saba wako ndani ya dera, mmoja kanga mbili, mmoja buibui, na mmoja kashavaa kikazi kabisa na viatu vya kisigino mkononi, miguuni ndala.

Sababu ni muda. Mtu kaamka saa 10, kachemsha maji, kaogesha, uji umemwagika, soksi ya pili haionekani, na basi likipiga honi mara mbili linaondoka. Hapo unataka nguo ya kuingiza kichwa tu ukatoka. Na dera limejengwa hivyohivyo, kwa macho ya fundi ni kitambaa kimoja kipana kinakunjwa mabegani, unatoboa shingo, unashona ubavuni unaacha nafasi ya mikono, basi. Hakuna zipu, hakuna mkato wa kiuno, na ujauzito wa miezi minane unaingia kwenye dera lilelile alilovaa kabla hajabeba mimba. Mimi sijawahi kuona nguo yenye akili kama hiyo, wanaoliita nguo ya uvivu hawajawahi kuvisha mtoto wa miaka minne viatu gizani.

Sasa kuna jambo moja nataka kulielezea vizuri maana wateja wananiulizaga kwa kuzungukazunguka. Dera la dukani ukilivaa ndani mbele ya kioo liko sawa kabisa, halionyeshi chochote. Unatoka nalo kona. Mwezi wa 7 hapa Dar jua linachomoza kwenye saa 12 na nusu hivi, kwahiyo saa 11 na robo bado ni giza totoro. Basi linakata kona, taa kubwa zinawaka mgongoni kwako, na wewe umesimama katikati ya hizo taa na sisi wengine. Mama yangu wee! Kuanzia hapo dera halipo tena, lipo pazia jembamba na kivuli cha miguu yote miwili mpaka juu. Na konda kashuka anachukua begi la mtoto, anaangalia chini kwa heshima, na mwenyewe mwenye dera hajui chochote anapunga mkono bai bai kwa furaha zote.

Kinachotokea ni hiki. Kitambaa ni nyuzi zimepishana na katikati ya nyuzi kuna vitundu. Mwanga ukikupiga kwa mbele unagonga nyuzi unarudi kwenye macho ya anayekuangalia, anaona rangi na maua. Mwanga ukitokea nyuma yako unapita kwenye vitundu na kwenye nyuzi zenyewe kama ni nyembamba, na anachoona yeye ni kile kilichozuia mwanga, yani wewe. Watu wanadhani ukinunua lenye maua mengi umepona, hapana, maua yanapaka nyuzi rangi, hayazibi vitundu. Rangi nzito inasaidia kidogo, nyeusi au bluu ya kiza, ila chepesi ni chepesi tu.

Na hapa nina kesi na sisi wenyewe. Dera letu ni ndugu wa karibu wa dirac la Wasomali, na Wasomali wale dirac hawalivai peke yake, linakuja na sketi yake ya ndani wanayoiita gorgorad. Wao walijua toka mwanzo kwamba kitambaa ni cha kuangaza, ndio maana wakaweka ya ndani, na pindo lake wanaliachia lionekane kidogo kwa chini kama urembo. Sisi tumechukua la juu tukaiacha ya ndani dukani, alafu tunalalamika dera linaonyesha!

Ukitaka kujua lako liko upande gani washa tochi ya simu usiku. Tandaza dera mbele ya tochi, ingiza mkono wako katikati, tochi, mkono, kitambaa, alafu wewe uangalie kwa upande wa pili. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, basi na konda anahesabu.

Dawa yake ni shimizi, na shimizi lenyewe liwe la pamba. La poliesta ndani ya dera la poliesta linang'ang'ania, ukitembea linapanda linajikusanya mapajani unabaki unajivuta mbele za watu. Mimi nalikata liishie inchi 4 juu ya pindo la dera, juu naweka lastiki ya kiuno basi. Kuna wanaoniambia fundi niwekee bitana humohumo lishikane, nawakatalia kistaarabu. Dera lenye bitana linakuwa zito, linachelewa kukauka na mvua hizi, na jua likitoka unatokota. Shimizi moja linavaliwa na madera sita, bitana ni ya dera moja.

Kanga nayo inafanya kazi hiyohiyo. Ni pamba, imefumwa kwa kubana, na kipande kimoja kina kama sentimita 150 kwa 110, kinakuzunguka kiunoni na kubakisha. Kipande cha pili unajitanda mabegani maana alfajiri kuna kaubaridi. Ila kanga mpya ifue kwanza, ile wanga ya dukani inaifanya iwe kama karatasi, fundo halishiki, nimeshuhudia mtu fundo linaachia kabeba mtoto mkono mmoja na chupa ya uji mkono wa pili. Alafu angalia jina la kanga kabla hujatoka. Kuna wamama wawili pale kona hawasalimiani tangu mwaka jana, mmoja akija na "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", kesho yake mwenzie anashuka na "Japo sipati tamaa sikati". Watoto wao wanakaa siti moja kwenye basi, wanagawana chapati.

Wale wanaopeleka kwa bodaboda nao wana shida yao, na hii ndio inayoninyima raha kweli. Dera la kawaida nikipima pindo la chini linazunguka karibu mita 3. Mita 3 za kitambaa chepesi, upepo, na tairi la nyuma lenye mnyororo linazunguka pembeni ya kisigino chako, na mtoto umempakata. Pindo likishikwa na mnyororo halikatiki haraka kama watu wanavyodhani, linavutwa, na wewe unavutwa nalo. Kwa wateja wa boda nafanya mambo mawili. Nafupisha liishie inchi 3 juu ya kifundo cha mguu, na ubavuni usawa wa goti naweka kitanzi kwa ndani na kifungo karibu na pindo, ukifika kwenye pikipiki unapandisha pindo unafunga, ukishuka unaachia. Buibui hivyohivyo. Na ncha ya mtandio iingie ndani ya nguo, isibaki inapepea mgongoni.

Mfuko sasa. Dera halina mfuko na ndio maana simu zote za Tabata zinalala kwenye sidiria. Nilianza kuweka mfuko kwenye mshono wa ubavuni, ikawa fujo, kitambaa chepesi ukiweka simu upande mmoja shingo yote inahamia begani kwingine. Nikagundua uzito inabidi ubebwe na kiuno, kwahiyo mfuko nashona kwenye shimizi pale chini ya lastiki, na kwenye dera naacha tu uwazi wa inchi 6 kwenye mshono mkono upite. Simu inakaa kwenye shimizi, dera halijui chochote.

Wababa nawaongelea kifupi maana hawana mengi. Bukta na jezi, Simba huku Yanga kule, au msuli na singlendi, na siku timu imefungwa wanatuma dada wa kazi. Baba mmoja alinipa msuli nimshonee uwe kama bomba, nikamwambia si ndio unavyouzwa hivyo baba, kumbe wake alikuwa anaupasua mwenyewe kila ukimbana.

Kuna suala la kuzuiwa getini. Sio letu peke yetu, kule Darlington Uingereza mwaka 2016 mwalimu mkuu wa Skerne Park Academy aliwaandikia wazazi barua waache kuleta watoto huku wazazi wenyewe wamevaa pajama, na 2019 shule ya James Madison kule Houston Marekani ikapiga marufuku wazazi kuingia na rola kichwani, bonneti zile kofia za kulinda nywele, na nguo za kulalia, ikawa gumzo. Hapa kwetu mimi mwenyewe nilishasimamishwa geti la shule fulani nimevaa dera linaloacha bega, mlinzi akanitolea kanga ya akiba kutoka kwenye kibanda chake, inanuka mafuta ya taa, nikaivaa nikaenda kulipa ada nayo. Sikatai shule kuwa na utaratibu, ukiingia ofisini kwa mwalimu jifunike. Kilichonikera ni kwamba nyuma yangu alipita baba na bukta juu ya magoti akapigiwa saluti. Na mama anayeishia nje, pale basi linapogeuzia, saa 11 alfajiri, amevaa dera juu ya nguo ya kulalia, huyo mwacheni, keshafanya kazi ya masaa mawili kabla wewe hujaamka.

Jumanne kaja mteja, mama wa mapacha, na madera yake matatu mapya bado yana lebo. Tukazima taa ya fremu tukawasha tochi. Mawili yamefeli, tumehesabu mpaka pete. La tatu la pamba limepita. Shimizi lake la mfuko atalichukua Alhamisi, kasema nimuwekee na kimfuko kidogo cha pembeni cha chenji ya maandazi ya mapacha.