Wakorea na huba kwa wapendwa wao

Watu wengi huamini kwamba Wakorea, hasa wazee, hawana huba, eti kwa sababu neno "saranghae", nakupenda, si la kila siku majumbani mwao. Si kweli hata kidogo. Mama akimpigia simu mwanawe aliye mbali humuuliza kwanza, "Bap meogeosseo?", umekula? Mapenzi yamo humo. Na anayekumbukwa huambiwa waziwazi, "Bogo sipeo", natamani kukuona.

Mwaka 1983 KBS, kituo cha televisheni cha Korea Kusini, kilirusha kipindi cha kuwatafuta ndugu waliotenganishwa na Vita vya Korea. Kilipangiwa dakika 95. Kikarushwa kwa jumla ya saa 453, na familia zaidi ya 10,000 zikapatana. Wazee hao hao walikumbatiana wakilia kwa sauti mbele ya kamera.