Aliyemchora Nahodha hajaniibia

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma ya meza yangu ya vitabu kwenye mkutano wa wazazi wa shule moja hapa Kisumu. Msichana mmoja wa sekondari akanijia na daftari la kurasa 96 lililojaa katuni, zote za biro ya buluu isipokuwa taa za wavuvi, ambazo alizitia wino mwekundu. Alikuwa amemchora Nahodha. Kwa waliofika hapa leo mara ya kwanza: Nahodha ni mhusika mkuu wa riwaya yangu, msichana wa miaka kumi na sita wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, aliyerithi mtumbwi wa babu yake na akakataa kuuuza. Katika ukurasa wa tatu wa daftari ameinama mtumbwini akichota maji kwa jerikeni iliyokatwa nusu. Mimi sikuandika jerikeni popote. Lakini ndivyo watu wa ziwani wanavyochota, na msichana yule anajua.

Nilikuwa bado naangalia ukurasa huo mzazi mmoja aliposema juu ya bega langu, "Mwalimu, huyu si anakuibia? Ningekuwa wewe ningelichukua hilo daftari."

Msichana akalivuta daftari lake, akalificha ndani ya sweta.

Sikumjibu yule mzazi vizuri, kwa sababu nilikuwa na hasira na foleni ilikuwa ndefu. Namjibu hapa. Nawajibu pia yule mwalimu mkuu wa Nakuru aliyeniuliza kwa nini "nawaruhusu" wasomaji kumchora Nahodha, jamaa yangu wa kanisani aliyeniletea picha kwenye simu kama mtu aliyemkamata mwizi, na mwandishi mwenzangu aliyenishauri niandike onyo kwenye ukurasa wa kwanza. Wote ni watu wema, na wote wamekosea mahali pamoja.

Sheria niimalize haraka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi tangu inapoandikwa, hata kama hujaisajili, na ulinzi huo unadumu maisha yangu yote, kisha miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka nitakaofariki. Mwenye haki ndiye anayeruhusu kazi inakiliwe, itafsiriwe, igeuzwe kuwa kitu kingine au isambazwe. Matumizi ya mtu binafsi yana nafasi yake. Wazo tupu halina mwenyewe: msichana mwenye mtumbwi ni wa kila mtu, sentensi zangu ni zangu. Anayetaka vifungu aende kwa Bodi ya Hakimiliki.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, "kuiba." Mtu akinakili kitabu changu, aliyeipata nakala hiyo hana haja tena ya kununua kitabu. Kimeshaingia kichwani, kimeisha. Lakini mtu akiona katuni ya Nahodha akichota maji kwa jerikeni, bado hajui kwa nini babu alikufa, hajui barua ilisema nini, hajui kama mtumbwi uliuzwa. Katuni haikai mahali pa kitabu. Inasimama kando yake, na mara nyingi inamwelekezea mtu kwenye kitabu. Kunakili ni kusema tena nilichosema mimi. Aliyechora amenijibu.

Na kujibu si ugeni uliokuja na intaneti, kama wazazi wanavyodhani. Washairi wa Kiswahili walifanya hivi kabla babu zetu hawajazaliwa. Takhmisi ni nini? Mshairi anachukua shairi la mwenzake, beti za mishororo miwili miwili, na juu ya kila ubeti anaongeza mishororo yake mitatu, ikifuata kina cha ubeti huo, hadi ubeti unakuwa wa mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo ndiyo maarufu kuliko zote: beti zinazosemwa kuwa za Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani, na mishororo mitatu mitatu ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir juu yake. Hakuna anayesema Sayyid Abdallah alimwibia Liyongo. Alimsoma kwa ukaribu kuliko msomaji yeyote, kwa sababu huwezi kuongeza mishororo mitatu juu ya miwili usiyoielewa. Kina kitakukataa, maana itakukataa. Nilifundisha takhmisi darasani miaka kumi na moja, na wanafunzi wangu wengi waliikariri kwa ajili ya mtihani tu. Msichana wa Jumamosi hajawahi kufundishwa na mimi, lakini ameifanya kwa biro.

Huku kwetu Nyanza, mtoto aliyelala siwindhe, nyumbani kwa nyanya, hakuruhusiwa kusikiliza sigana, yaani ngano, tu kila usiku na kulala. Zamu yake ikifika, naye alitoa yake, na mara nyingi ilikuwa ile ya jana ya nyanya, na fisi ameongezewa ndugu wawili. Nyanya hakuita polisi. Alimrekebisha pale alipopotea, akacheka pale alipopatia.

Kurekebisha ndiko ninakotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu hawaoni kabisa ninachopata. Mvulana mmoja wa Nakuru, ambaye hajawahi kuliona ziwa letu, alinitumia mchoro mzuri mno: Nahodha anavua omena, wale dagaa wa ziwani, mwezi mpevu juu yake, maji yote fedha. Nilimwandikia kwamba omena huvuliwa usiku wa giza. Taa ndizo zinazowaita samaki juu, na mwezi ukijaa mwanga wa taa hauna nguvu tena, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku hizo na kushona nyavu. Baada ya wiki akanirudishia mchoro mwingine. Karibu wote ni mweusi, na katikati pana alama za taa, na ukikaza macho unauona mkono mmoja umeshika kamba. Huo wa pili nimeubandika juu ya meza yangu. Wa kwanza ulikuwa ziwa la kadi ya posta. Wa pili ndio ziwa.

Na mimi nimerekebishwa. Kijana mmoja wa Siaya alichora ramani ya safari ya Nahodha, akapima kwa rula na atlasi ya shule. Katika sura ya saba nilimtoa Dunga jioni na kumfikisha kisiwa cha Mfangano alfajiri, kwa kasia. Mfangano iko nje kabisa, mdomoni mwa ghuba, ukishapita Mbita na Rusinga. Ni zaidi ya kilomita 80. Chini ya ramani aliandika kwa adabu: "Mwalimu, nimejaribu kila njia. Hafiki." Mhariri wangu alisoma mswada mara nne. Mimi nimeusoma zaidi ya hapo, na nimezaliwa hapa. Hakuna kati yetu aliyeiona. Toleo lijalo Nahodha ataazima injini, na deni la petroli litamfuata hadi kitabu cha pili, ambako limekuwa na maana kuliko kitu chochote nilichokuwa nimepanga.

Sasa kuhusu wizi wenyewe, kwa kuwa tumeutaja. Mtu aliyeniambia msichana ananiibia, nilikuja kugundua, ni mmoja wa wazazi walioandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa wakiomba "mwenye PDF ya kile kitabu cha Mwalimu atume." Ikatumwa. Kitabu kizima, kurasa 168, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba cha mtu kikionekana pembeni. Kuna saiba zinazokitoa kopi na kukifunga kwa plastiki. Mrabaha wangu ni asilimia 10 ya kile mchapishaji anachopokea, na kwa PDF hapokei kitu. Sisemi haya kwa kutojua hali. Tangu sheria ya 2013 vitabu vimetozwa VAT ya asilimia 16, na mzazi mwenye watoto watatu shuleni ananunua kwanza kilicho kwenye orodha ya shule. Riwaya isiyo kitabu teule inangoja. Naelewa hayo yote. Ninachokataa ni kumwita mwizi mtoto aliyenunua kitabu, akakisoma hadi jalada likatoka, akakijibu kwa kurasa 96, huku aliyetuma PDF akijiona amesaidia jamii. Kama huna pesa, niambie. Nakala tatu za kila ninachopokea huwa naziweka kwenye maktaba za hapa mjini, na hata wewe unaweza kuazima.

Nina mashaka yangu pia, na sitaki kuyaficha.

Niliwauliza mawakili wawili kama daftari lililochorwa nyumbani likiwekwa mtandaoni linabaki "matumizi binafsi." Nikapata majibu mawili. Nadhani, kwa maneno ya sheria yenyewe, likishatoka hadharani linahitaji ruhusa. Ndiyo maana naitoa ruhusa hapa, wazi: chora, tunga, imba, igiza Nahodha, bila malipo, mradi utaje kitabu kimetoka wapi na usiuze. Lakini mkataba wangu unampa mchapishaji usemi juu ya filamu na maigizo ya kulipisha, kwa hiyo ruhusa yangu haifiki huko hata nikitaka. Vikundi vya maigizo vya shule, niandikieni kwanza kabla ya kuuza tiketi.

Fulana nazo? Kijana mmoja wa Kondele alichapisha fulana sita zenye uso wa Nahodha akauza zote. Sheria iko upande wangu. Lakini alikuwa anatafuta karo, na uso ule aliuchora mwenyewe, mimi sikuwahi kusema Nahodha ana mwanya. Nilimwambia asichapishe nyingine kabla hatujazungumza. Tumezungumza mara mbili na sijui bado jibu la haki ni lipi. Akiwa mfanyabiashara mkubwa ningejua mara moja, na hilo lanisumbua, kwa kuwa sheria haipimi ukubwa wa mfuko.

Kuna mchoro mmoja niliukataa. Sura ya tisa inagusa jaboya, ile biashara ya samaki ambamo mwanamke hudaiwa mwili wake ndipo auziwe. Niliiandika kwa uangalifu mwingi, kwa sababu wasomaji wangu wengine ni wa umri wa Nahodha na wengine wanaishi fuoni. Mtu mzima mmoja akaichora kama kitu cha kutamanisha. Hapo ndipo nilishukuru kwamba sheria inampa mwandishi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa kumvunjia heshima, na kwamba haki hiyo haikuuzwa pamoja na mkataba. Nilimwandikia auondoe, akauondoa. Kwa hiyo sisemi kila jibu ni jema. Nasema lisomwe kwanza.

Pia hadithi za kuendeleza, zile za "baada ya sura ya mwisho," sizisomi kwa sasa. Msichukie. Naandika kitabu cha pili, na nikisoma yenu halafu kitu kifanane, mtasema nimewachukulia, na huenda mkawa na haki, maana kichwa hakiweki risiti. Zote nimezihifadhi kwenye folda moja bila kuzifungua.

Kuhusu majina: walio chini ya miaka 18 nawaweka bila jina, bila shule, bila sare. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, na hata isingetaka ningefanya hivyo. Kuna mtoto aliyelia kwa sababu jina lake halikuonekana. Mzazi wake akikubali kwa maandishi, tutaandika jina la kwanza tu.

Habari za kitabu, kwa ufupi. Kitabu cha pili kiko kwa mhariri, nami naendelea kukirekebisha kadiri maswali yake yanavyokuja. Amerudisha sura tano za kwanza zikiwa nyekundu kuliko nilivyotarajia. Jalada halijachorwa, na nimemwomba mchapishaji aangalie wachoraji wa huku kabla ya kutafuta mbali, hajakataa. Toleo lenye injini litatoka nakala za sasa zikiisha. Mwenye nakala yenye safari ya kasia aitunze.

Msichana wa daftari nilimfuata langoni baada ya mkutano. Nilimwomba msamaha kwa yale aliyosikia mbele ya meza yangu, nikamuuliza kama ningeweza kupiga picha kurasa chache za kuwaonyesha ninyi. Akakubali tatu, akazichagua mwenyewe, ule wa jerikeni ukiwa wa kwanza. Nilipotaka kufungua kuelekea mwisho akaweka kiganja juu ya daftari. Akasema huko si kwa sasa, bado anamalizia sura ya kumi na tatu.

Riwaya yangu ina sura kumi na mbili. Nimemwomba aniwekee.