"Ngoja kwanza iharibike": dhana za masikio ambazo zimenichosha

Wiki hii nimeisikia tena, na si kwa mtu mmoja. Watu wanakuja na mzee wao, tunampima, grafu ya usikivu inatoka, naeleza kwamba masikio yote mawili yamepungua kusikia kwa kiwango cha katikati na mashine za kusikia, zile za kuvaa sikioni, zitamsaidia sana, alafu najibiwa: "Daktari, tusianze mapema, sikio litazembea. Ngoja kwanza iharibike kabisa ndio avae." Wanaenda. Miaka minne mitano baadaye wanarudi, mzee amenyamaza pale kwa kiti, kila swali ninalomuuliza linajibiwa na bibi yake. Kwa hivyo leo naandika yote, na ukiwa na mzazi anayesema hivi msomee.

"Mashine itazembesha sikio"

Wanaoniambia hivi huwa na mfano wao, ati ukizoea mkongojo mguu unasahau kutembea. Sikio si mguu. Ndani kabisa kwenye koklea, ile sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, kuna seli za nywele ambazo ndizo zinashika sauti, kama elfu 15 hivi kila upande, unazaliwa nazo na zikifa hazioti tena, kwa binadamu hazioti. Zinakufa kwa umri, kelele, dawa zingine kama gentamaisini, magonjwa, na kwa wengine ni ya kurithi. Mashine haizigusi. Kazi yake ni kuchukua zile sauti ambazo hauzipati tena na kuzipandisha mpaka zile seli zilizobaki ziweze kuzishika, na pia ina kikomo cha sauti, kwa hivyo konda akipiga ile mabati ya matatu kando yako mashine haikurushii mlio wote ulivyo. Ikiwekwa kulingana na grafu yako haiwezi kuharibu sikio. Nasema ikiwekwa kulingana na grafu, hiyo nitairudia huko chini.

Kinachozembea kweli ni ubongo, na unazembea kwa sababu ya kukosa sauti. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha kazi yao juu ya watu ambao masikio yote mawili yalikuwa yamepungua, wengine walipewa mashine mbili na wengine wakapewa moja tu. Baada ya miaka kadhaa, wale wa mashine moja, lile sikio lililoachwa bila kitu ndilo lilizidi kushindwa kuelewa maneno. Lile lililovaa likabaki vile lilikuwa. Yaani sikio "lililopumzishwa" ndio lilipoteza. Tangu hapo limeonekana tena na tena, ndio maana nikiona grafu ya masikio mawili mabovu nasisitiza mashine mbili, watu wanafikiria ni biashara nafanya.

Alafu kuna wale wananiambia wamejionea kwa macho, "mama tangu avae, akiitoa usiku hasikii kabisa, na zamani alikuwa anasikia." Mpime tena. Mara nyingi grafu ni ileile ama imeshuka kidogo vile umri ungeishusha tu hata bila mashine. Kilichobadilika ni kwamba sasa anajua kusikia vizuri kukoje. Zamani alikuwa amezoea ukimya wake na familia nzima ilikuwa imezoea kupiga kelele, hakuna aliyekuwa anahesabu.

Na huko kuzoea ndio kunaniuma, manake hakuonekani. Kupungua kwa umri kunaanza na sauti nyembamba za juu, na huko juu ndiko kuna s, f, sh, t, k. Irabu ziko chini, zinabaki. Sasa fikiria mama yuko Gikomba anauza, mteja anamwambia "mia sita", yeye anasikia "mia tisa". Irabu ni zilezile, i na a, tofauti yote iko kwa s na t na hizo ndizo amepoteza. Wanagombana, na yeye anaapa anasikia vizuri, na kweli sauti anaisikia! Neno ndilo halipati. Ndio maana mtu atakuambia "mimi nasikia, ni nyinyi mnaongea ndani ya midomo," na hakudanganyi, hivyo ndivyo anavyosikia.

Anaanza kukwepa vitu pole pole. Simu ikilia anampa bibi. Mkutano wa chama anakaa nyuma na kuchekea pale wengine wamecheka, baadaye anaacha kwenda, anasema ni magoti. Kanisani anarudi nyumbani hajui mahubiri yalikuwa ya nini. Kwa matatu anapitishwa steji yake. Wajukuu wanajifunza kwamba guka hajibu kwa hivyo hawamsalimii, na watu wanaanza kusema ana maringo ama akili imeanza kuruka. Hakuna hata kimoja hapo ambacho kinahitaji "kuharibika kabisa" kwanza, haya yote yanatokea kwa mtu wa kiwango cha katikati, yule tuliyeambiwa tungoje.

Na hiyo ya akili si ya kupuuza. Tume ya jarida la Lancet kuhusu ugonjwa wa kusahau imeweka kupungua kwa kusikia kwenye orodha ya vitu vinavyoongeza hatari na vinavyoweza kushughulikiwa, tangu 2017, ikarudia 2020 na 2024. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani, watu 977 wa miaka 70 hadi 84, walifuatwa miaka mitatu. Nitasema ukweli wote hapa kwa sababu naona watu wakiuza mashine kwa kutisha wazee: ukichukua kundi lote pamoja, mashine hazikuonyesha tofauti kubwa kwa akili. Lakini wale ambao tayari walikuwa kwenye hatari zaidi, kushuka kwa uwezo wao wa kufikiri kulipungua karibu nusu. Kwa hivyo siwezi kukuahidi mashine itazuia mzee asisahau. Ninachojua na ninachokiona kila wiki ni kwamba mzee aliyevaa anarudi kwa mazungumzo, anabishana siasa mezani, anashika simu yake mwenyewe, anaenda kwa duka la M-Pesa bila kusindikizwa.

Ushauri wangu ambao nimeusema mpaka sauti imeisha: njoo kupimwa na yule mtu unayeongea naye zaidi nyumbani. Si dereva wa kukuleta, si mtoto aliye na nafasi siku hiyo. Bibi yako ama mumeo anajua vitu ambavyo wewe hauvijui, anajua tivii huwa iko kwa ngapi.

"Nilivaa siku mbili zikanipigia kelele, hazifai"

Siku mbili! Ubongo haujasikia mlio wa sufuria, mfuko wa plastiki na nyayo zako mwenyewe kwa miaka, lazima vikushtue. Unahitaji wiki kadhaa, wengine miezi. Vaa kuanzia asubuhi, anza nyumbani kwenye utulivu, soma gazeti kwa sauti ujisikie mwenyewe, alafu polepole uende sokoni. Na urudi kliniki zirekebishwe, manake marekebisho ya kwanza si ya mwisho. Mashine inayokaa kwa droo haimsaidii mtu, na mara nyingi zinaishia kwa droo kwa sababu hakuna aliyemwambia mwenyewe arudi.

"Nitanunua ile ya bei rahisi ya mtandaoni, ni kitu kimoja"

Hii ndio niliahidi kuirudia. Zile ni vikuza sauti. Zinapandisha kila kitu sawasawa, wakati wewe umepoteza s na t tu na irabu unazo. Kwa hivyo unapata mngurumo wa basi mkubwa zaidi na neno bado haulipati, na zingine hazina kikomo kizuri, hizo ndizo zinaweza kukuumiza. Najua bei, mashine nzuri ni makumi ya maelfu ya shilingi na nyumba nyingi hapa Nairobi hiyo ni pesa ya karo. Uliza hospitali za umma kwanza, uliza bima yako inalipa nini, na ukipewa iliyotumika na mtu basi iletwe ipangwe upya kwa grafu yako, usiivae vile ilivyotoka kwa sikio la mwingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria 2021 kwamba kati ya watu 100 ambao mashine ingewasaidia, wanaoitumia ni kama 17 tu. Bei iko kwa sababu hizo, sikatai, lakini wengi wanaokuja kwangu hawajafika hata kwa bei, wamekwama kwa hiyo "ngoja kwanza".

"Mpigie kelele ndio asikie"

Kelele inapandisha irabu ambazo tayari anazo na kuzivuruga konsonanti, na uso wako unakaa umekasirika. Zima redio, mguse bega, simama mbele yake penye mwanga aone midomo, ongea polepole kidogo. Asiposhika, usirudie neno lilelile mara tano, badilisha sentensi.

"Masikio yangu yameshazoea kelele"

Mafundi wa Kamukunji wanaogonga mabati kutwa, makonda, madiji, wote wananiambia hivi. Sikio halina usugu. Kama kelele haikusumbui tena kama zamani, mara nyingi ni kwa sababu hauisikii yote. Kiwango kinachotumika sana kazini ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane, na kila ikipanda desibeli 3 muda salama unakatika nusu, kwa hivyo ukifika 100 una kama dakika 15. Ukitoka mahali masikio yanalia ngiii, yameshaumizwa. Nunua vizibo vya sponji, ni bei ya chini sana, na uvivae.

Vijiti vya pamba, mafuta ya moto, maji ya kitunguu, mafuta taa

Hapana. Zote. Nta inatoka yenyewe, kijiti kinairudisha ndani. Ikiziba kweli njoo itolewe, dakika chache tu.

"Mtoto ataongea tu, hata babake alichelewa"

Hapa nakuwa mkali na sitaomba msamaha. Lengo linalotumika kimataifa ni mtoto achunguzwe kabla ya mwezi mmoja, ijulikane kama ana shida kabla ya miezi mitatu, aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita. Mimi naletewa wa miaka minne. Lugha inajengwa miaka hiyo ya kwanza, na shosho akisema "anasikia, mlango ukifungwa anageuka," huo mlango una mlio mzito na mtetemo, haukuambii kama anasikia s. Mtoto asiyegeuka akiitwa jina, ama aliyeanza kutoa sauti alafu akanyamaza, mlete apimwe. Na mkiambiwa ni kiziwi kabisa, msiogope lugha ya ishara, haimzuii kuongea, inampa lugha wakati mengine yanapangwa. Katiba yetu ya 2010 imeifanya moja ya lugha rasmi za Bunge, kwa hivyo si kitu cha kufichia mtoto.

"Sikio limeziba ghafla, ni homa, litafunguka"

Ukiamka na sikio moja limenyamaza, ama likanyamaza ndani ya siku moja mbili, labda na mlio ama kizunguzungu, usikae na maji ya chumvi ukingoja. Inaweza kuwa nta, inaweza kuwa homa kweli, lakini pia inaweza kuwa ni neva ama koklea imepigwa, na hiyo ina dawa, steroidi, ambazo zinafanya kazi vizuri zikianzwa siku za kwanza kwanza, na baada ya wiki mbili hivi nafasi inapungua sana. Nenda siku hiyohiyo, sema wazi kwamba limepotea ghafla, na uombe kupimwa usikivu, usikubali kupewa matone na kurudishwa nyumbani bila kipimo.